Pacha wa Mtamba

Asubuhi ile Emérita alikuwa amefagia uwanja mara tatu, na uwanja wenyewe ulikuwa hauna hata jani moja. Alipomaliza mara ya tatu alikwenda kuchungulia barabara inayopanda kutoka Mushaki, akarudi, akafunua chungu cha maharagwe ambayo hata hayajachemka, akakifunika, akaenda tena barabarani. Mkwe wake Uwamwezi, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akimenya viazi. Alimfuata kwa macho huku na huku mpaka akachoka.

“Mama, kaa basi. Dokta atafika tu.”

“Niko nakaa,” alijibu Emérita, naye amesimama wima.

Mwezi ule wa kwanza wa mwaka 2023 hakuna mtu wa Karuba aliyekuwa anakaa kweli. Upande wa Kirolirwe mizinga ilikuwa inakohoa tangu wiki iliyopita, na kila siku kikohozi kilisogea kilima kimoja. Watu walilima huku wakitazama nyuma. Emérita alikuwa amefunga godoro lake kwa kamba mara mbili, tayari kukimbia, na mara mbili akalifungua, kwa sababu jua likizama mtu anahitaji kulala na vita ilikuwa bado haijafika. Mwanawe wa pekee, Damascène, mume wa Uwamwezi, alikuwa ameteremka Goma kuwatafutia chumba. Alipiga simu mara moja tu, kusema bado anatafuta.

Lakini si mizinga iliyomfagilisha Emérita uwanja usio na takataka. Mizinga alikwisha kuizoea, Mungu amsamehe. Kilichomnyima raha kilikuwa kimefungwa nyuma ya nyumba, kinacheua bila wasiwasi wowote: mtamba mwekundu aitwaye Gaju, wa miaka miwili na nusu, aliyewekwa na dume miezi sita mfululizo asipate mimba hata ya kusingiziwa.

Gaju ndiye aliyekuwa mahari ya Uwamwezi. Alitoka kwa Emérita akaenda Kirolirwe, kwenye zizi la Nsengimana, baba wa binti. Sasa Nsengimana alikuwa ameikimbia Kirolirwe na ng'ombe wake waliobaki, anawachunga kwenye miteremko ya Karuba akisubiri kuwasukuma mpaka Goma. Siku nne zilizopita aliingia uwanjani akimvuta Gaju, akamfunga nyuma ya nyumba, akakataa kiti, akazungumza amesimama, kofia kichwani.

“Bamwana,” alisema, maana ndivyo wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wameoana, “ngombe ya bukwe, ya ndoa, isipozaa, bukwe haijaisha. Dokta atakuja kuchanja ngombe yangu, ataangalia na hii. Akisema iko na dawa, sawa. Akisema haina dawa, mimi nashuka Goma na ngombe yangu, na mutoto yangu pia.”

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe arobaini, wakabaki kumi na mmoja, wengine wameliwa na watu wenye bunduki ambao hata ahsante hawakusema. Mtu aliyepoteza mengi hukikumbatia kilichobaki kwa kucha. Emérita alilielewa hilo, na kulielewa hakukumsaidia kitu. Alimpenda Uwamwezi. Nyumba yake ilikuwa imekaa kimya tangu mumewe afe, na msichana huyu aliingia na kicheko chake na tabia yake ya kuongea na sufuria, na sasa tumboni mwake kulikuwa na mjukuu. Wachukue shamba, wachukue na viazi, lakini huyu asiondoke.

Sasa usimwonee huruma haraka mno, kwa sababu Emérita alikuwa na lake moyoni, na lilikuwa na kwato.

Zamani kidogo, kabla ya mambo ya ndoa, Nsengimana alikuwa na desturi ya kuwagawanya ng'ombe wake kwa watu wa vilima mbalimbali, ili wezi wasije wakamaliza zizi zima kwa siku moja. Wenyewe wanaita kuragiza: unaachiwa ng'ombe umtunze, maziwa unakunywa wewe, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe. Emérita aliachiwa ng'ombe mmoja mkubwa, Bihogo, mwenye mimba. Ukoo wa Emérita ni watu wa jembe tangu mababu. Ng'ombe walimjua kwa nje tu: anakula, anatoa maziwa, anapiga teke.

Mwaka 2020, mwezi wa saba, vita ikaingia Karuba, na barabara ya Sake ikawa imefungwa kwa risasi. Emérita alikimbilia magharibi, yeye na Damascène na Bihogo, wakapita Masisi, wakapita Nyabiondo, siku tisa kwa miguu, mpaka Kashebere, pale Walikale inapoanzia. Siku mbili za mwisho Damascène alitembea na homa ameshika mkia wa ng'ombe, la sivyo angeanguka. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, Kasoki, mwenye duka la chumvi na sabuni na dawa, aliwaruhusu wajihifadhi kwenye kibanda nyuma ya duka lake. Huko ndiko Bihogo alikozaa, mchana kweupe, mvua inanyesha. Alizaa dume, wa rangi ya mama yake, na alama nyeupe kwenye paji. Emérita alikuwa bado anamfuta kwa majani alipoona kwato nyingine zinatoka. Akazaliwa jike.

Mapacha! Siku nyingine angepiga vigelegele. Siku ile Damascène alikuwa amelala kwenye gunia anaongea maneno yasiyo na kichwa wala mkia, na alimwita mama yake kwa jina la mtu mwingine. Kasoki alikuwa na dawa ya mshipa ya malaria kali, ya kutosha watu wachache tu, ndiyo iliyobaki dukani, na shemeji yake muuguzi wa kuitia. Hakuomba kitu, ila alisitasita, kwa sababu na yeye alikuwa na watoto na barabara ilikuwa imefungwa. Emérita hakusubiri aamue. Alimbeba yule dume, bado amelowa, akamweka miguuni pa Kasoki. Kasoki akamtazama ndama, akamtazama kijana kwenye gunia, akaenda kuleta dawa.

Damascène alipona. Hakuona ndama wa kwanza, hakuambiwa. Na dume yule hakuwa wa Emérita.

Walirudi baada ya miezi miwili. Nsengimana alipomwona Bihogo anapanda kilima cha Kirolirwe, na ndama mwekundu nyuma yake, alilia mbele za watu, mwanamume mzima na fimbo yake. Ng'ombe yule alikwisha kumwombolezea. “Ile ndama,” alisema, “ikiacha maziwa, iko yako. Hakuna mwingine mwenye angenirudishia.” Emérita alifungua kinywa aseme habari ya dume. Lakini furaha ya mtu ni kitu kigumu kukikatiza. Akafunga kinywa. Kesho nitamwambia, akajisemea, na kesho ikazaa kesho nyingine. Halafu Damascène akaanza kwenda Kirolirwe kila Jumapili eti kumsalimia Bihogo, na hakuna aliyewahi kumpenda ng'ombe kiasi kile. Uwamwezi akaposwa, mahari ikatakiwa, na Emérita akatoa kitu pekee chenye thamani alichokuwa nacho. Hivyo Gaju akarudi kwa mwenyewe, kama zawadi.

Sasa Gaju hazai, na Emérita alijua kwa nini. Mungu amelifunga tumbo la mtamba kwa ajili ya wizi wa kaka yake. Alilala nalo, aliamka nalo, alifagia nalo.

Dokta Kavira alifika saa nne, pikipiki imejaa matope mpaka kwenye taa, sanduku la chanjo limefungwa nyuma. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Butembo, alikosomea udaktari wa mifugo, mwenye buti za mpira na haraka ya mtu anayesikiliza mizinga kwa sikio moja. Nsengimana alikuja naye. Alikataa kiti tena.

“Glavu ndefu zimeisha,” alisema Kavira, akimzunguka Gaju. Alimshika matiti, yalikuwa madogo kama ya ndama. Alimwinua mkia, akatazama kwa muda, akaonyesha kwa kidole shungi la manyoya marefu lililoota chini ya uke. “Uniletee buji mupya, dada. Na mafuta kidogo.”

Uwamwezi alileta mshumaa. Kavira aliuosha, akaupaka mafuta, akauingiza polepole. Kwa mtamba mzima, mshumaa kama ule huzama wote na nafasi inabaki. Huu uliingia urefu wa kidole, ukagota. Kavira alijaribu tena, akauchomoa, akaweka alama kwa ukucha pale ulipoishia.

“Mama,” alimgeukia Emérita, “hii ngombe ilizaliwa yenyewe moja, ao ilikuwa pacha?”

Kabla Emérita hajajibu, Nsengimana alicheka. “Pacha? Ingekuwa pacha na dume, mimi ningeijua tangu siku ya kwanza! Kila muchungaji anajua, Dokta: jike mwenye kuzaliwa na dume haizae. Tunaikula. Hakuna mutu anaweza kuitoa mahari, labda awe mwizi. Hii ilizaliwa moja. Huyu mama njo aliizalisha kwa mikono yake.”

Emérita aliyarudia maneno yale moyoni. Kila mchungaji anajua. Miaka miwili na nusu alikuwa anamsumbua Mungu kwa toba, kumbe jambo lenyewe linajulikana kwa kila mwenye fimbo kuanzia Kirolirwe mpaka Mweso, ila hakuna aliyefikiria kumwambia mtu wa jembe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walisahau kusema kwamba hata ng'ombe wake hatazaa.

“Mama?” alisema Kavira.

“Yenyewe moja,” sauti ikatoka yenyewe.

Kavira aliutazama mshumaa, akamtazama Emérita. “Alama zote ziko za pacha wa dume,” alisema taratibu. “Inawezekana ndugu yake alikufa mapema mu tumbo, akayeyuka. Inatokea, lakini mara haba. Mara haba sana.”

“Lakini nieleze,” Nsengimana alisema, na kwa mara ya kwanza fimbo yake ilitulia. “Haya tunayajua tangu kwa bababu, lakini sababu yake hakuna mwenye aliniambia. Kaka anafungaje tumbo ya dada?”

“Kwa damu. Mu tumbo ya ngombe, kondo za mapacha zinagusana, mishipa inaungana, damu ya mumoja inapita kwa mwingine. Dume njo anatangulia kutengeneza homoni zake. Homoni iko kama mutu mwenye kutumwa: anatembea na damu, anafika kwa kila seli, anasema, jeni hii fungua, jeni hii funga. Kwa dume iko sawa, anajengwa kuwa dume. Lakini dada naye anapokea ujumbe wenye haukuwa wake. Kifuko ya uzazi, inaachwa bila kujengwa.”

“Kwa hiyo jeni zake zilipotea?”

“Hapana! Njo pale batu wanakosea. Jeni ziko zote, hakuna hata moja yenye ilitoka. Kuna zenye zinafungwa tu. Kuna vitu vidogo sana, vinaitwa metili, vinabandikwa juu ya DNA, na pale vimebandikwa jeni inanyamaza. Seli ikigawanyika, zile mupya zinabeba na kile kibandiko. Njo maana seli ya jicho haisahau iko jicho, na ya kwato haisahau iko kwato, na zote ziko na maandiko yale yale.”

“Na shindano ya homoni, ile dawa ya kuchoma? Niliambiwa uko nayo.”

“Shindano inaweza kuamusha kifuko chenye kulala, Papa. Haiwezi kuamusha chenye hakikujengwa.”

Basi. Hakuna dawa. Nsengimana alishusha pumzi, akageuza macho kuelekea jikoni alipokuwa binti yake. Emérita aliona macho yale yanakokwenda, na akajitupa mbele kama mtu anayedaka kikombe kinachoanguka.

“Ni vita!” alisema. “Bamwana, ni vita njo iliua yule pacha! Tulikimbia siku tisa, Bihogo na mimba yake, risasi nyuma. Woga njo uliifunga. Si vile, Dokta? Woga unaweza?”

Kavira aliufuta mshumaa. “Woga nao uko na homoni yake,” alikubali. “Mama mwenye mimba akikaa mu woga siku nyingi, homoni ile inaweza kupita mpaka kwa mutoto, na inaweza kubandika alama kwa jeni zake. Walipima kwa panya, kwa kondoo, hata kwa batu. Lakini—”

Mzinga ulipiga karibu kuliko wote wa asubuhi. Kuku walitawanyika, na ile “lakini” ikapotea humo humo.

Nsengimana alisubiri mwangwi uishe. Halafu akavua kofia. Halafu, jambo ambalo hakulifanya kwa siku nne, akakaa. “Basi hakuna mwenye kosa,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuwa na hasira. “Vita ilikula zangu makumi, sasa iliikula na hii kabla haijazaliwa. Kosa si yako, bamwana. Nisamehe.”

Emérita alikimbia kumletea birika la kasiksi, pombe ya ndizi, akammiminia mpaka kikombe kikafurika. Nafuu aliyoipata ilikuwa tamu na ya aibu. Vita ilikuwa imebebeshwa mengi Masisi, ingebeba na dume mmoja. Haina mgongo wa kuuma.

“Dokta.”

Uwamwezi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kisu mkono mmoja, kiazi mkono mwingine, kimemenywa nusu.

“Ulisema hata batu. Mimi mwaka jana na mimba hii nilikimbia mara mbili. Ile ya pili tulilala Sake chini ya gari, na mutoto alikuwa anarukaruka usiku muzima. Basi na yeye alifungwa? Akiwa mwanamuke hatazaa?”

“Hapana, dada, hapana,” Kavira alisema haraka. “Ile kitu haiko sawa. Woga hauondoe kifuko ya uzazi.”

“Lakini ngombe iliifunga. Mumesema sasa hivi. Mama alisema, wewe ulikubali, Papa alikubali. Kama si woga ulimuua yule pacha, ni nini?”

Kavira alimtazama Emérita tu, na Emérita alikazia macho birika.

“Funga vitu yako, mwanangu,” Nsengimana alisema, akiinuka. Hakuna hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Hautabaki hapa na hii mizinga. Unakuja na mimi. Goma iko hospitali.”

Uwamwezi aliweka kiazi chini taratibu, akaingia ndani. Hakubisha. Hakumtazama Emérita. Yeye ambaye aliongea hata na sufuria, aliingia kimya.

Emérita alibaki na birika mkononi. Sikiliza jinsi uwongo unavyotenda kazi: aliusema ili msichana abaki, na sasa ndio unaomfungia mizigo. Angeweza kuliacha hivyo hivyo. Nsengimana angemfikiria vizuri mpaka kufa, wangeagana kwa heri, na labda Damascène angemfuata mke wake huko huko. Alizunguka nyumba mara moja. Akaizunguka tena. Mara ya pili alipita dirishani akaona ndani: Uwamwezi alikuwa ameketi kitandani, nguo zake hazijakunjwa, mikono yote miwili imeshikilia tumbo kwa chini, midomo inatembea. Alikuwa anaomba msamaha. Alikuwa anamwomba mtoto msamaha kwa sababu alikimbia risasi.

Emérita alirudi uwanjani karibu mbio.

“Kulikuwa dume,” alisema.

Nsengimana aligeuka. “Wapi?”

“Kashebere. Bihogo alizaa mbili. Dume njo alitangulia. Nilikudanganya siku ile, na nimekudanganya leo.” Halafu akapaza sauti kuelekea dirishani, sauti ambayo majirani wote waliisikia, liwalo na liwe: “Uwamwezi! Si woga! Ngombe haikufungwa na woga! Pacha alizaliwa muzima, mimi njo nilimuficha! Usilie, mutoto wangu, si woga!”

Hata Gaju aliacha kucheua.

Mchungaji ni mchungaji. Swali la kwanza la Nsengimana halikuwa la wizi. “Rangi gani?” aliuliza.

“Kama mama yake. Na alama nyeupe hapa.” Emérita aligusa paji la uso wake.

Nsengimana alifumba macho. Ungedhani anamwona ndama yule anasimama kwa miguu yake minne. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu. “Dume ya Bihogo,” alisema. “Miaka yote hii nilitafuta dume ya ile damu, kila kilima! Mama yake walimukula mwaka jana. Haikubaki kitu! Na wewe ulikuwa nayo mukononi? Ulimukula?”

“Nilimutoa.”

“Juu ya nini? Juu ya nini ulitoa ngombe ya mutu?”

“Juu ya dawa ya Damascène. Alikuwa anakufa.”

“Ungeniambia!” Fimbo ilipiga ardhi mpaka ikapasuka ncha. “Ungekuja ukaniambia, bamwana, mimi ningekuchekea! Na ningekuambia siku ile ile, hii jike ule nyama, usiipe mutu mahari! Lakini ulinyamaza, ukaniachia nikulilie mbele ya batu, nikakupa na zawadi. Mwizi!”

“Ndiyo,” alisema Emérita. Ajabu ni kwamba, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, miguu yake ilikuwa imetulia mahali pamoja.

Kavira, ambaye alikuwa amegundua ghafla kwamba chupa zake za chanjo zinahitaji kupangwa, aliacha kuzipanga. Uwamwezi alikuwa ametoka, uso umelowa. “Umesikia, dada?” Kavira alimwambia. “Homoni za kaka yake njo zilifanya ile. Kwa batu mapacha damu haichanganyike vile, na wewe hauna hata pacha. Woga unaweza kuacha alama, sitakudanganya. Lakini zile alama si zote zinabaki. Panya mwenye mama yake anamulamba sana wakati iko mudogo, jeni zake za woga zinakaa kwa utulivu mpaka uzee. Mutoto wako akizaliwa, umushike, umubebe. Kazi yako iko ile tu.”

Uwamwezi alipangusa uso kwa kitenge. Alimtazama baba yake, akamtazama mama mkwe wake, na kitu kikaanza kupanda kutoka kifuani mwake ambacho hakikuwa kilio. “Basi, Papa,” alisema, “wewe njo ulilipa dawa ya bwana yangu. Na ngombe ya mahari ilikuwa yako. Ulinioza, na bwana ulinunua wewe mwenyewe.”

“Nyamaza,” Nsengimana alisema. Lakini alilitafuna neno lile, ilionekana, na hakulitema.

Hapo Straton, jirani wa juu, alishuka mbio na mzigo kichwani, akipiga kelele kwamba wenye bunduki wameonekana bondeni upande wa Kirolirwe na kila mtu ashuke Sake. Ndani ya muda mfupi barabara ilijaa watu, mbuzi, masufuria, baiskeli. Kavira alimpa Uwamwezi mkono, akawasha pikipiki, akatoweka kuelekea Mushaki. Nsengimana alifungua kamba ya Gaju. Ng'ombe hawakuweza kupita barabarani. Kila kizuizi kingechukua mmoja wao. Ilimpasa awasukume kwa njia za mgongo wa milima, siku tatu za kupanda na kushuka, bila paa, na alijua hivyo, na aliangalia tumbo la binti yake kwa muda mrefu.

“Papa, mimi sitaweza ile njia,” alisema Uwamwezi. Alikuwa ameshika kifurushi chake cha nguo.

Nsengimana alimvuta Gaju, akatoka uwanjani bila kuaga. Emérita alimwona mgongo wake ukipita nyuma ya ua, kofia, fimbo iliyopasuka, mkia wa mtamba. Amekwenda na hasira yake, aliwaza, na haki yake. Alikuwa anajifunga kitenge kiunoni wakati alipomwona anarudi, anamkokota ng'ombe kinyume cha mkondo wa watu.

Alisimama mbele yake, karibu sana.

“Ngombe yangu, bamwana, sitakuachia tena,” alisema. “Hata mbuzi. Hata kuku.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa na ngombe ya mutu mu mukono moja, na mutoto mu mukono ingine.” Alipumua, akapumua tena. “Mutoto njo ulirudisha.”

Alikichukua kifurushi kutoka kwa binti yake, akakiweka mikononi mwa Emérita, akaikunja mikono ile juu ya kifurushi kwa nguvu mpaka ikamuuma Emérita.

“Huyu naye umufikishe,” alisema.

Emérita alikifunga kifurushi mgongoni, akamshika Uwamwezi mkono, wakaingia barabarani.